Neno Nililolisema Mbele ya Kompyuta ya Mwalimu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hadi leo sijaisahau. Kaa hapa nikusimulie, na usicheke nikifika kwenye ujinga wangu.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na tatu, nachapa barua na mitihani kwenye steshenari ya Mzee Salum, Bariadi mjini. Enzi hizo aliyejua kompyuta alikuwa mtu wa maana. Flashi yangu niliivaa shingoni kwa kamba nyekundu, hata kanisani, Mungu anisamehe, ili watu waione. Kichwa kilinivimba kweli.

Rafiki yangu Minza aliishi na baba yake, Mwalimu Jilala, mstaafu aliyefiwa na mkewe. Walikuwa na kompyuta kuukuu sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ndani yake mlikuwa na picha za marehemu mama yake Minza. Zile za karatasi zilishaliwa na mchwa, zimebaki hizo tu. Jumapili baada ya chakula Mwalimu alikaa kuzitazama.

Basi, nikachomeka flashi yangu pale kumwekea Minza nyimbo. Wiki haijaisha, akanifuata kazini anahema. Picha zimepotea, na kile kisahani cha kuwekea sidii kinatoka chenyewe, kinarudi, kinatoka tena, hakuna aliyekigusa.

Nilipofika na kuona tu, nilijua. Wiki hiyo hiyo mashine mbili za kazini zilikuwa zimeugua vivyo hivyo, na flashi yangu ilipita kote. Virusi nimevileta mimi. Lakini sebule ilikuwa imejaa: Mwalimu, shangazi wawili, na Ndaki, baba mdogo wa Minza, wote wananitazama mimi mtaalamu. Aibu ikanishika. Nikatikisa kichwa kama daktari, nikasema, "Hii si bure. Hapa kuna mkono wa mtu."

Mwanangu, nililisema hilo nikijua kabisa linavyosikika kwetu. Nilitaka tu waache kunitazama mimi. Wakaacha kweli, wakaanza kutazamana wao kwa wao.

Shangazi mmoja akauliza nani aliingia humu juzi. Aliyeingia alikuwa Bibi Ng'washi, jirani, mjane anayeishi peke yake. Alikuja kuomba chumvi, akakisifia kitambaa, akakishika. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, maana miaka yote alipikia mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Kuni azitoe wapi? Lakini kwetu bibi mwenye macho mekundu huitwa mchawi; nani pale alitaka habari za moshi?

Ndaki akasimama. "Kesho asubuhi naenda kwa mfumu apige ramli. Akimtaja huyo bibi, tutajua la kufanya."

Wee! Mimi nimekulia huku. Nikiwa darasa la tano tulimzika bibi wa namna hiyo kijijini kwetu, kakatwa mapanga, na watu wazima wote wakanyamaza. Nilijua kinachofuata.

Nikatoka. Njia ilipita mlangoni kwa Bibi Ng'washi, naye alikuwa anapepeta choroko. "Mwadila, mwanangu, mhola?" akanisalimia kwa Kisukuma, akanijazia karanga kiganjani. Sikuweza kuzila. Nikapanda baiskeli hadi dukani, nikamweleza Mzee Salum kila kitu nikilia. Akanipa sidii ya kuondoa virusi.

"Rudi sasa hivi," akasema. "Hata ikikushinda kuisafisha, ukweli useme hivyo hivyo."

Niliwakuta bado wamekaa. Nikapiga magoti mbele ya Mwalimu. "Shikamoo Mwalimu. Virusi nimevileta mimi, kwa flashi hii. Bibi Ng'washi hana kosa lolote."

Ndaki akacheka. "Ameshatishwa na yule bibi. Hamuoni anavyotetemeka? Haya, zirudishe hizo picha tuone."

Nikaweka sidii. Mashine ile kuukuu ilikwenda polepole mpaka nikatamani kuisukuma. Asilimia kumi. Kumi na mbili. Nje wingu limefunga, na mvua ikinyesha umeme wetu unakatika. Ukikatika sasa, nikawaza, watasema ni Bibi Ng'washi. Niliomba kwa Kisukuma, nikaomba kwa Kiswahili. Shangazi mmoja aliondoka katikati, akaenda kwa majirani.

Ilipomaliza kuondoa virusi, nikaiagiza ionyeshe mafaili yaliyofichwa. Maana picha hazikuwa zimefutwa, zilikuwa zimefichwa tu. Mama yake Minza akatokea, amevaa kitenge cha kijani, anacheka. Mwalimu akalia mbele yetu. Ndaki akachukua kofia yake akatoka, na kwa mfumu hakwenda.

Mwalimu akajifuta macho, akaniambia, "Ungesema hujui, ningekuheshimu. Ungesema ni wewe, ningekusamehe hapo hapo. Umejua, ukamtupia mtu asiye na wa kumtetea." Hakuna fimbo niliyowahi kuchapwa iliyoniuma namna ile.

Ungedhani yameisha. Yule shangazi aliyeondoka alikuwa ameshasambaza habari. Watoto wakakatazwa kumchotea Bibi maji. Mtu akarusha mawe kwenye bati lake. Nilizunguka nyumba hadi nyumba nikisema ni mimi, ni flashi yangu, wakaitikia "haya" huku wakifunga mlango. Mwezi haukuisha, binti yake akaja kumchukua ampeleke Nyalikungu, kule Maswa. Nilimbebea masufuria hadi kituo cha mabasi, nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila mwanangu, nilifika mahali naogopa hata kukohoa ndani kwangu, wasije wakasema namwita mchawi mwenzangu."

Ndiyo maana nakwambia wewe unayetengeneza simu za watu na kuaminiwa kwa kila unalosema. Usilolijua, sema hulijui. Ulichokiharibu, sema umekiharibu wewe, kabla hajatafutwa mwingine. Na ukikuta watu wanataja jina la mzee mpweke, hata kwenye hayo magrupu yenu, usikae kimya ukisubiri wengine waseme. Mimi nilichelewa saa chache tu, na mama wa watu akahama kwake.

Mungu akupe kifua cha kusema "ni mimi" ungali na muda. Na ukizeeka, akujalie majirani wasioyaogopa macho yako.