Mashine ya Risasi ya Arlys Brekke

Lami iliishia penye ghala la ngano, na kutoka hapo Loren Haugstad akawa anaendesha juu ya kokoto, vumbi likimfuata nyuma kama mbwa asiyefukuzika. Alikuwa ameelekezwa nyumba ya nne baada ya kanisa. Mjini alikotoka, nyumba ya nne ni kutupa jiwe. Huku Dakota Kaskazini ilikuwa maili sita.

Alikuwa na wiki mbili tu tangu ahamie wilaya ile, mstaafu wa bima mwenye miaka sitini na sita, na kwenye kiti cha pembeni alikuwa amelaza karatasi iliyojaa tarakimu. Tangazo alilikuta limebanwa ukutani kwenye klabu ya shabaha: mashine ya kujazia upya maganda ya risasi za marisawa, zile za chembe za kupigia visahani, dola mia tatu, mwone Arlys Brekke kabla ya Jumamosi. Loren alikuwa ameshanunua bunduki. Sasa alitaka risasi za bei nafuu, na karatasi yake ilimwahidi hivyo.

Arlys alimfungulia kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na unga. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, mabega mapana, aliyewapikia watoto wa shule ya wilaya kwa miaka thelathini na mmoja bila siku hata moja chakula kupungua wala kumwagwa.

"Wewe ndiye mtu wa bima?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mashine unaitakia nini?"

"Kuokoa pesa."

"Basi pole kwa safari, bwana. Wa namna yako simuuzii."

Loren alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akampa ile karatasi. Arlys alipangusa mikono, akavaa miwani, akaisoma kama mtu anayesoma barua ya mtoto mkorofi.

"Bei hii ya marisawa umeitoa wapi?"

"Kwenye kitabu cha kujifunzia."

"Kitabu cha lini?"

Kitabu kilikuwa cha miaka kumi na mitano nyuma. Arlys alichukua penseli. Boksi la risasi ishirini na tano dukani ni dola tisa. Ukijaza mwenyewe, alisema huku akiandika, fataki za kuwashia ni dola mbili. Chembe za marisawa tatu na senti kumi. Baruti mbili na nusu. Vikombe vya plastiki vya kubebea marisawa, senti sabini. Maganda ni bure, uliyaokota. Jumla, dola nane na senti thelathini.

"Umeokoa senti sabini, hongera. Mashine dola mia tatu. Boksi moja kwa wiki, utarudisha pesa yako baada ya miaka minane. Utakuwa na miaka mingapi?"

"Sabini na nne."

"Mungu akipenda. Halafu mwenye mashine hapigi boksi moja kwa wiki. Anapiga matatu, kwa kuwa anajiambia ni rahisi. Wametangulia wenzako watatu na karatasi kama hii. Niliwapa kahawa, wakaenda zao."

"Sasa wewe umejaza miaka yote hii kwa nini?"

Ndipo Arlys akampeleka gereji. Mashine ilikuwa imefungwa kwenye meza ya mbao, imetiwa mafuta, inang'aa. Juu yake, kwenye rafu, yalikuwa maboksi mawili yenye jina Brekke kwenye mfuniko, na chini yake herufi mbili: V.Z. Verlyn Zacher, alieleza, mkulima wa ngano, miaka sabini na tisa. Bega lake limepigwa skrubu nne, na risasi za dukani humrudishia teke la farasi. Arlys humjazia laini, marisawa kidogo na baruti kidogo, kwa vipimo vya kitabu na si kwa kubahatisha. Duka la hapa haliziweki. Miaka sita sasa, maboksi mawili kila wiki, na malipo yake ni samaki wa ziwani.

"Bila hizi?" Loren aliuliza.

"Bila hizi anakaa mbele ya televisheni mpaka wamzike. Mimi Jumamosi naenda Arizona kwa binti yangu, magoti yangu hayaiwezi tena baridi ya huku. Siuzi mashine, bwana Haugstad. Natafuta mtu wa kumjazia Verlyn."

Loren aliikunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Alisema hajui kama ni mtu huyo, ila angependa kufundishwa.

"Nawa mikono kwanza. Na humu hakuliwi, hakunywewi. Madini ya risasi ni sumu."

Ukutani juu ya mashine ilitundikwa bunduki ambayo mtutu wake ulikuwa umechanika kama ganda la ndizi. Loren aliitazama, na Arlys hakumwacha abahatishe. Ilikuwa ya marehemu mume wake, Delmar. Alisahau kutia baruti kwenye risasi moja. Uwanjani, badala ya mlio, ikatoa pumzi tu: pfff. Fataki peke yake ilikuwa na nguvu ya kusukuma kikombe hadi katikati ya mtutu na kukiacha pale. Watu wakamcheka. Delmar kwa aibu akatia risasi nyingine haraka ili wasahau. Ile ya pili ilikuta njia imezibwa.

"Vidole viwili," alisema Arlys. "Na si kusahau baruti kulikomkata. Kila ajazaye atasahau siku moja. Ni ile haraka ya kuficha."

Kwa hiyo kwake kulikuwa na kanuni. Kila ganda linamulikwa kwa tochi kabla ya kutiwa kikombe. Kila la tano baruti yake inapimwa kwenye mizani. Na aliyejaza anaandika jina lake la ukoo lote kwenye mfuniko, si herufi tu, ili lawama isitafute mtu. Alivuta mkono wa mashine bila haraka, kichwa kimeinama upande, akiisikiliza kama alivyosikiliza masufuria yake. Fataki iliyokaa vibaya aliijua kwa mlio kabla ya kuiona. Loren, aliyekaa na watu wa hesabu maisha yake yote, alikuwa hajaona mtu makini kiasi kile.

Alijaza boksi moja la kwake. Karibu na mwisho simu ya Arlys ililia, binti yake anauliza habari za lori, naye akatoka nje kuongea. Loren akabaki peke yake, ameshapata mwendo, mkono unapanda na kushuka, fahari imemjaa. Risasi tano za mwisho hakuzimulika wala kuzipima. Aliandika jina kwenye mfuniko: Haugstad.

Kesho yake alasiri walikuwa uwanjani, watu watano kwenye mstari, Verlyn katikati, mrefu kama nguzo ya simu, na ulimi wa kinyozi.

"Huyu ndiye mrithi?" alimwuliza Arlys aliyeketi kwenye benchi. "Ameshika bunduki kama aliyeshika mtoto wa watu."

"Angalia vyako, Verlyn."

"Vuta!" aliita Loren, na kisahani cha udongo kikaruka, akakikosa. Cha pili akakivunja. Hivyo hivyo, mara hili mara lile, hadi risasi ya sita. Akaita, akavuta triga. Pfff. Chembe za marisawa zilidondoka kwenye nyasi hatua chache mbele yake kama mtama uliomwagika.

Verlyn akasema, "Nani amejamba?"

Mstari mzima ulipasuka kwa kicheko. Loren alihisi masikio yakiwaka. Risasi nyingine ilikuwa tayari mkononi, zamu ilikuwa bado yake, na kufunga bunduki na kuita tena kungechukua pumzi moja tu. Aliijua haraka ile: ilikuwa ya Delmar. Akaigeuza bunduki, imefunguka, akauelekeza mtutu mbinguni na kuchungulia kutoka nyuma. Mbingu haikuonekana.

"Imeziba!" alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Sikutia baruti. Nimejaza mimi."

Kicheko kilikatika. Akaondoka kwenye mstari, akamwaga risasi zake zote zilizobaki kwenye ndoo.

"Si umalizie kwa zangu?" mmoja alimwita.

"Hapana. Nataka kujua nimefanya makosa mangapi."

Wakarudi kwa Arlys jua likiwa bado juu. Loren alizipasua moja moja kwa kisu, kumi na tisa, akimwaga baruti kwenye kopo moja na marisawa kwenye jingine. Arlys alimkalia mbele, hamsaidii. Alipomaliza, Loren alisukuma maganda manne upande wake wa meza.

"Manne mengine," alisema. "Chupa ya baruti ilikwisha, nami sikuangalia. Nilikuwa najipenda."

"Ningejua nisingekuruhusu kutoka nazo mlangoni," alisema Arlys. "Simu ile ningeiacha ilie. Kosa hilo ni langu, si lako." Akayakusanya maganda yale. Halafu wakanawa, wakaingia jikoni, naye akaleta lefse, ile chapati ya viazi ya huku, imepakwa siagi na sukari.

"Delmar alikuwa mwanamume mwema kuliko wewe, usinielewe vibaya. Lakini lile ulilofanya leo yeye hakuliweza. Kula."

"Na bei?"

"Bei ni maboksi mawili kila wiki. Samaki ni wako. Ana mifupa mingi, nakuonya."

Siku mbili zilizosalia Loren alijaza chini ya macho yake, tochi mkononi, polepole kama mzee apandaye ngazi.

Jumamosi asubuhi lori la binti lilikuwa limeshapakiwa. Mashine ilikuwa nyuma ya gari la Loren, imefungwa kwa blanketi. Verlyn naye alifika, amevaa shati safi, akajifanya amekuja kuangalia matairi ya lori. Loren aliiteremsha bunduki iliyochanika, akamletea Arlys mpaka dirishani.

"Hii umeisahau."

"Sijaisahau. Hiyo inakaa palipo na mashine."

Akanyoosha mkono nje. Loren alielewa, akampa boksi. Arlys alifungua mfuniko, akachagua risasi moja, akaipima kiganjani, akaitikisa sikioni, akairudisha. Akasoma jina lililoandikwa juu: Haugstad, lote, na chini yake V.Z. Akampa Verlyn mwenyewe.

"Kaa salama, Zacher."

"Nenda kabla sijakuomba ubaki," alisema Verlyn, akiangalia tairi.

Lori likaingia barabara ya kokoto, na vumbi likalifuata hadi penye kanisa. Wanaume wawili walibaki uani, mmoja na boksi, mwingine na bunduki mbovu mikononi.

"Haya, bwana bima," alisema Verlyn. "Umeokoa dola ngapi?"

"Bado hata moja."

"Vizuri," alisema Verlyn. "Jumanne uwanjani ni saa kumi. Usichelewe."