Cheni Iliyolegea

Juzi, kwenye duka la spea mtaa wa Pasua, nilishika cheni ya taimingi ya injini ambayo mdogo wangu Eliya alitaka kununua, nikailaza kiubavu hewani. Akacheka. "Dada, unapima nini?"

Nilisikia harufu ya mafuta ya taa. Kule kijijini Mwika, alasiri moja nilipokuwa mtoto, injini ya pikapu ilikuwa imefunguliwa chini ya migomba, na Mama alikuwa barazani akiugulia. Uchungu wa uzazi ulikuwa umeanza mapema, na pikapu ndiyo ingempeleka hospitali. Baba alinipa cheni mbili nizioshe kwa mafuta ya taa, ya zamani na mpya. Nilizisugua mpaka zikang'aa sawasawa. Moja ilikuwa ngumu, nyingine ililegea mkononi kama mkufu. Nikaona hiyo ndiyo nzuri, nikampa.

Baba alikuwa ameshaivalisha kwenye gia aliposita. Akaitoa, akaishika kiubavu kwa upande mmoja. Ikainama sana.

"Manka, hii ndiyo iliyochoka. Ingeruka meno mteremkoni, na mama yako ndani ya gari."

Hakunichapa. Akachukua ile ngumu, akaivalisha.

Eliya alizaliwa mjini alfajiri iliyofuata.

Pale dukani nilimtazama Eliya. Cheni mkononi mwangu ilikuwa imeinama. Nikamwambia muuzaji alete nyingine.