Mikato ya Mama wa Mgwashi

Jumanne, katika ofisi ya miche ya matunda hapa Lushoto, mama aliyenitangulia foleni aligandisha kidole juu ya orodha ya lori la asubuhi. Mahali pa kushushia miche yake paliandikwa "Mgwashi" tu.

"Mwanangu, Mgwashi ni kubwa. Miche yangu itakaukia kwa nani?"

Kwenye fomu alikuwa ameandika: Mgwashi, juu ya kanisa, panapoitwa "Kwa Mwalimu".

Karani, binti mtulivu, akaeleza kuwa kompyuta hutenganisha safu za orodha kwa alama ya mkato. Ilipouona wa kwanza ikadhani maelezo yamekwisha.

"Si ufute hiyo mikato?" akasema mwenzake.

"Mama kaeleza njia vizuri," karani akajibu. "Tatizo ni letu."

Akaandika kanuni karatasini: maelezo yote yafungwe kwa alama za nukuu, na mkato wa ndani usihesabiwe. Kalamu ikasita kwenye "Kwa Mwalimu", kwa kuwa alama za nukuu alizoweka mama zingeyafunga maelezo kabla ya wakati. Akaongeza: alama ya nukuu ya ndani iandikwe mara mbili, nayo kompyuta iisome kuwa moja.

Niliijaribu kanuni hiyo kichwani kwa mifano mitano. Haikuvunjika.

Miaka yote ya utumishi wangu serikalini tulimwamuru mwananchi aandike kifupi. Binti huyu aliiamuru mashine isome kirefu.

Akaiingiza kanuni kwenye kompyuta, orodha ikachapwa upya. Dereva akaisoma, akacheka. "Kwa Mwalimu? Napajua. Panda, mama, twende."