Kikapu chenye Kifuniko

Wiki jana, kwenye shamba la majani chai nje ya Kericho, niliona mtihani wa uhandisi ukisahihishwa na mama mchumaji. Mwanafunzi wa chuo kikuu alikuwa ameleta kikapu alichounda mwenyewe, chenye kifuniko kilichofungwa feni ndogo ya kupoesha majani yasiharibike kwa joto. Mhadhiri wake alisimama kando na kalamu.

Mama alikibeba mgongoni, akachuma, na kama kawaida yake akatupa majani nyuma ya bega bila kuangalia. Yakagonga kifuniko, yakamwagika chini.

"Msichana wangu, wewe umewahi kuchuma chai?"

"Hapana, mama."

Nawajua wasomi ambao hapo wangeyalaumu majani. Huyu alitoa bisibisi, akang'oa kifuniko, akatoboa ubavu wa kikapu na kuifunga feni hapo kwa waya.

"Jaribu sasa, mama."

Majani yakaingia yote. Mhadhiri akamgeukia mama: "Sasa tumpe maksi ngapi?"

"Maksi ni mambo yenu," mama akajibu, kikapu bado kiko mgongoni. "Mimi nataka kujua anauza pesa ngapi."