Mafuta ya Karanga Mgongoni mwa Sungura

Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, na nilijiona nina akili. Nilisomeshwa kwa wamisionari, nilivaa koti jeupe, na katika zahanati ya depo ya reli pale Kamina, ukimwondoa munganga, daktari wetu Mzungu, ni mimi peke yangu niliyekuwa na ufunguo wa chumba cha sungura wa majaribio. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba kosa halikufanywa na mjinga.

Miaka ya hamsini ilikuwa imeanza tu, na vichwa vya treni bado vilikuwa vya mvuke. Maji yaliacha ndani ya boila ukoko mgumu wa chokaa, na kuukwangua ilikuwa kazi ya yaya, kaka yangu mkubwa, pamoja na watu wake watano. Waliingia mle kwa tumbo, na nyundo na patasi, wakatoka wakikohoa vumbi. Baba alipofariki ni yaya aliyenisomesha, kwa kazi hiyo hiyo. Koti langu jeupe lilitoka ndani ya boila.

Kisha likaja pipa la asidi ya kuyeyusha ukoko. Karatasi iliyokuja nalo ilisema haidhuru ngozi. Munganga hakuiamini. Alikuwa mkali kama pilipili, lakini kwa hili namheshimu mpaka leo: alisema hakuna mtu atakayeigusa kabla ya sungura. Glovu hazikuwepo, yaya na wenzake wangeishika kwa mikono mitupu. Ngozi ya sungura ikipona, wangeanza Jumatatu.

Siku moja kabla ya kipimo niliwanyoa sungura watatu mgongoni, kwa wembe, polepole. Walitetemeka. Ngozi ilibaki nyeupe na kavu, ikanitia aibu. Kwetu hunyoi kichwa cha mtoto wala cha mfiwa ukakiacha kikavu. Watu watauliza kama huyo hana mwenyewe. Nilikuwa na kopo la mafuta ya karanga la chakula changu. Nikawapaka, jioni ile na asubuhi tena, kisha nikafuta vizuri kwa kitambaa. Wala sikuficha. Halikuwa jambo la kutaja.

Munganga alidondosha asidi upande mmoja wa mgongo na maji upande wa pili, akafunika kwa shashi. Baada ya muda wa saa nne tukafungua. Ngozi ilikuwa na wekundu kidogo, basi. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa wekundu umekwisha.

“Banang’ara, hawa sungura yako,” munganga alisema. “Unabalisha muzuri.” Akaandika kwenye daftari kwamba hakuna kidonda, na barua ikaenda kwa mkubwa wa depo.

Yaya alinisubiri mlangoni, anacheka. “Mudogo yangu, nyundo njo imekwisha! Sungura yako banatumika kazi kupita weye.” Nilifurahi kuliko yeye.

Jumapili, tukiwa tumetoka kanisani, mke wangu alimnyoa mwanetu nyuma ya nyumba, akampaka mafuta kichwani kama kawaida. Mtoto akakimbilia ndoo, akajimwagia maji ili aone anavyong’aa. Maji hayakushika. Yalikusanyika matone matone, yakateleza mpaka shingoni, na kichwa kikabaki kama hakijaguswa.

Niliketi chini. Asidi nayo ilikuwa imeteleza hivyo hivyo juu ya mafuta yangu. Nilikuwa nimeviona vidole vya yaya.

Nilikwenda kwake kwanza, kwa woga, maana kumwambia yaya kulikuwa rahisi kuliko kumwambia munganga.

“Yaya, kesho usiingie.”

“Juu ya nini?”

“Ile dawa iko mubaya.”

“Munganga aliandika iko muzuri. Nikikatala, batatia mwingine, na miye nitarudia nyundo.” Kisha akanitazama. “Weye unajua nini?”

Mficha uchi hazai, na mimi nilificha, nikaondoka mbio kuelekea zahanati na ufunguo wangu mkononi.

Nilimchukua sungura ambaye hakuwa ameguswa. Nikamnyoa, nikamwacha mkavu. Nikadondosha asidi, nikaweka shashi, nikamshika kifuani. Hakutulia. Alipiga teke, kisha akalia, na aliyewahi kusikia sungura akilia hahitaji kuelezwa. Saa moja tu ilipita, nikafungua. Ngozi ilikuwa imekuwa ya kijivu, na kando yake nyama nyekundu.

Nikaiosha kwa maji mengi, nikamfunga katika koti langu, nikampeleka nyumbani kwa munganga. Alitoka na kitambaa cha chakula shingoni. Alitazama mgongo, akanitazama mimi.

“Ulifanya nini na bale batatu?”

“Niliwapaka mafuta, munganga.”

“Juu ya nini?”

“Kwetu, kama unanyoa muntu, lazima kumupaka mafuta. Kumuacha kavu iko mubaya.”

Nilidhani atanipiga. Alikwenda kwanza kuandika barua ya kusimamisha kazi ya kesho, akaituma kwa mkubwa wa depo, ndipo akanirudia. Huyu, alisema, mimi nimwangalie siku tatu, bila mafuta, bila chochote, niandike kila kitu. Kisha nitoke chumba cha sungura, nirudi kufunga bendeji. Siku ya nne asubuhi sungura auawe.

Siku tatu hizo nilikaa naye na kopo limefungwa. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Mchana wa siku ya tatu munganga aliandika neno la mwisho, akaondoka. Yaya akaingia moja kwa moja kutoka kwenye boila, nyundo kiunoni, mweupe kwa vumbi la chokaa. Nilimweleza yote. Akamwinamia mnyama.

“Atakufa lini?”

“Kesho.”

Akavuta kopo, akalifungua. Akachovya vidole vyake, vizima vyote kumi, akampaka sungura pembeni mwa kidonda, taratibu, kama alivyonipaka mimi kichwani siku tulipomzika baba.