Nyama Ilikokwenda

Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka udongo mweusi wa Kitengela ukawa unavua watu viatu. Kabla yake tulikuwa na kiangazi kirefu, kwa hiyo nyasi zilipochipuka watu walishukuru kanisani, wakaimba. Kisha ng'ombe wakaanza kuanguka. Wale waliokonda tungewaelewa, lakini walioanguka ni wanene. Ng'ombe alishinda malishoni akila vizuri, na asubuhi ukamkuta amevimba, miguu imekakamaa, damu nyeusi ikimtoka puani.

Wakati huo nilikuwa nafanya usafi katika maabara ya zahanati ya mtu binafsi, karibu na barabara ya Namanga. Niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini. Shangazi wa Machakos alimchukua dada yetu mdogo, na mimi nikabaki Kitengela na ndugu yangu wa kiume, ambaye alikuwa bado shuleni. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchemsha vikopo vya makohozi na kuosha vile vioo vidogo vya darubini. Mtaalamu wa maabara tulimwita daktari, kama tulivyomwita kila mtu mwenye koti jeupe.

Juu ya sinki alikuwa amebandika karatasi ya magonjwa yasiyongoja: kipindupindu, tauni, homa ya uti wa mgongo, kimeta kinachotoka kwa mifugo, na mengine. Ukishuku mojawapo, unaipigia simu ofisi ya afya ya wilaya siku hiyo hiyo. Nilimwuliza mbona ni kushuku tu.

"Kwa sababu kuhakikisha kunafanyika Nairobi," alisema, "na Nairobi kuko na foleni. Ugonjwa haupangi foleni."

Tulikaa kwenye chumba cha mabati pembeni mwa shamba la familia ya Kimaasai. Mama wa boma lile tulimwita Yeyo, kama watoto wake walivyomwita. Mama yetu alipozikwa, Yeyo hakutoa hotuba. Kesho yake alikuja na kibuyu cha maziwa, na tangu siku hiyo hakuna mnyama aliyechinjwa kwake bila sisi kuletewa mbavu. Zilikuwa mbavu kila mara. Kwao kila kiungo kina mwenyewe, na mbavu za upande mmoja zilikuwa za yatima wa mabati.

Jumamosi moja ng'ombe wake alianguka malishoni. Mwanawe wa kwanza, kijana mrefu wa rika la moran, askari wa Kimaasai, aliyependa kutania, alimwahi kwa kisu kabla hajakata roho, maana nyama haitupwi. Ndugu yangu alikuwepo, akasaidia kuchuna. Jioni mbavu zikaja, nikazichemsha, tukala.

Katikati ya wiki nilimwona anajikuna juu ya kifundo cha mkono. Kulikuwa na kipele, kama ameumwa na mdudu. Kipele kikawa lengelenge, na lengelenge likapasuka, likaacha kidonda cheusi kama kipande cha mkaa kilichobandikwa kwenye ngozi. Mkono ulivimba hadi kiwiko.

"Kinauma?"

"Wala. Sista, wacha kuniangalia hivyo, ni mwiba tu."

Kutouma kwake ndiko kulikonitisha. Kidonda kibaya namna ile kingemfanya alie. Nilimpeleka zahanati kabla hajanywa chai.

Daktari alichukua majimaji ya kidonda, akayapaka kwenye kioo, akakitia rangi, akainama kwenye darubini. Nilikuwa nimeshazoea mgongo wake. Siku nyingine aliangalia, akaandika, akasema "lete kingine." Siku hiyo hakuinuka. Nilisimama na ndoo yangu nikimtazama shingoni. Hatimaye, bado ameinama, aliniuliza:

"Huyu kijana alichuna nini?"

Nikamwambia.

"Na wewe ulikula?"

"Nilikula."

Aliinuka, akavua glavu polepole. "Hiki kioo usikioshe. Usikiguse."

Ndugu yangu alilazwa kwenye kimoja cha vitanda viwili vya zahanati, akaanza kudungwa sindano za penisilini. Mimi nilipewa vidonge. Mwenye zahanati alipopata habari alikuja mpaka mlango wa maabara.

"Ngoja majibu ya Nairobi," alimwambia daktari. "Unataka wafunge soko la ng'ombe kwa kidonda cha mtu mmoja? Wenye bucha watakuja hapa kwangu."

"Nimeshapiga simu, mzee."

"Umepiga saa ngapi?"

"Nilipiga kabla sijakuambia. Nilijua utaniambia ningoje."

Mwenye zahanati alimtazama, akatutazama sote, akaenda zake. Simu ya Kajiado, makao ya wilaya, ilikuwa na mikwaruzo, na daktari alikuwa amepiga kelele hadi wagonjwa wa foleni wakalisikia neno kimeta. Waliokuwa wamekaa kwenye benchi walisogea mbali na mlango. Kajiado walisema wanakuja, pamoja na mtu wa mifugo. Lakini walitaka jambo moja likiwa tayari wakifika: nani mwingine amemla ng'ombe yule.

"Nenda nyumbani uulize," daktari aliniambia. "Waliokula hawajui. Huenda wengine hawana hata kidonda. Kimeta kikiwa tumboni huwezi kukiona."

Sikuhitaji kwenda. Nilipopita chumba cha wagonjwa nilimkuta Yeyo ameketi kwenye kitanda cha ndugu yangu, shanga zimelowa mvua, matope hadi magotini. Chumba kilinuka mizizi na mafuta. Alikuwa ameleta chupa ya chai, na ndani yake supu, ile supu ya magome wanayompikia mgonjwa apate nguvu. Ndugu yangu alikuwa ameshika kikombe, akikipuliza.

"Takwenya, Yeyo," nilimwamkia kwa Kimaasai.

"Iko. Njoo, enkerai, mwanangu. Mwambie akunywe. Anaogopa uchungu."

"Ni nyama gani, Yeyo?"

"Si ile ile. Ya Jumamosi. Nilimwekea mfupa mkubwa."

Nilimpokonya kikombe. Supu ilinimwagikia vidoleni, ikaniunguza, na sikuweza kujifuta kwa nguo yangu. Nilisimama na mkono nimeunyoosha mbali kama si wangu.

Yeyo alicheka. "Nyinyi Wakamba, watu wa mahindi ya muthokoi! Nyama inawashinda, sasa hata supu?"

Kisha akaniona uso, akaacha kucheka.

Daktari alikuja, akamweleza kwa adabu, akimwita mama. Alimwambia kuhusu kidonda, na damu ya ng'ombe. Hapo Yeyo akainua kichwa.

"Hiyo damu ilikataa kuganda," alisema. "Niliona. Nikasema ni mvua."

"Mama, tunataka kujua nyama ilienda wapi. Serikali inakuja. Watawazuia ng'ombe wako bomani kwa muda, siwezi kukudanganya. Watachoma ngozi. Lakini watu watapata dawa."

Niliogopa angeficha. Boma lote lingesema ameleta serikali, na kweli baadaye walisema. Yeyo aliutazama mkono wa ndugu yangu, kisha akaanza kusema, macho ameyafumba, akimpasua ng'ombe upya kichwani mwake. Kidari kilienda kwa mzee fulani ng'ambo ya mto. Mgongo ulienda kwa mke mwenzake. Kichwa na miguu vilienda kwa wachungaji. Mbavu za upande mmoja zilikuja kwetu, za upande wa pili zikaenda kwa mjukuu wa huyo mke mwenzake, aliyekuwa amejifungua. Ngozi ilikuwa imewambwa kwa vigingi nyuma ya nyumba, ili yule mzazi atandikiwe. Daktari alikuwa akiandika, akitikisa kichwa kwa mshangao kila kiungo kilipopata mwenyewe. Alisema baadaye kwamba hajawahi kupewa habari kamili namna ile, maana kwa desturi ile hakuna mtu anayeweza kula asijulikane amekula nini.

Akafika kwenye figo, akanyamaza.

"Figo, mama?"

"Figo ni ya mwenye kisu." Alifumbua macho. "Inaliwa mbichi. Hapo hapo."

"Mwenye kisu alikuwa nani?"

Mimi na ndugu yangu tulijua. Ndugu yangu alijigeuza ukutani.

"Mwanangu," Yeyo alisema. "Ameenda Namanga na ndama wa kuuza. Alikuwa anashika tumbo, nikamwambia amekula sana."

Daktari alirudi kwenye simu. Nilimsikia akiomba Kajiado wamwunganishe na Namanga, akisema kijana mrefu, shuka nyekundu, ndama wanne au watano. Laini ikakatika, akapiga tena.

Land Rover ya wilaya ilifika alasiri. Yeyo alipanda kiti cha mbele, akawaonyesha boma baada ya boma. Waliokula walipewa dawa, na mzee wa kidari, aliyekuwa ameshaanza kuvimba shingo, alipona. Mjukuu na mtoto wake walipona. Ngozi na mabaki vilichomwa, vikafukiwa kwenye shimo refu na chokaa, na yule mtu wa mifugo akasema pasichimbwe, kwa sababu ugonjwa ule hukaa udongoni ukingoja.

Watu wa afya wa Namanga walimpata mwana wa Yeyo kwenye baraza la duka karibu na mpaka. Mtu alikuwa amemfunika gunia, akidhani amelewa. Alikufa wakiwa njiani kumleta Kajiado.

Miezi ikapita bila mbavu. Sikutarajia nyingine. Ndugu yangu alipona, akabaki na kovu lililobonyea mkononi, na akawa hali nyama popote. Nilipokutana na Yeyo kisimani tulisalimiana tu, kila mmoja akateka maji yake.

Kisha asubuhi moja alisimama mlangoni petu na mbavu za mbuzi kwenye sinia.

"Huyu alikuwa anaruka," alisema. "Jana aliruka ua. Uliza mtu yeyote."

Nilizipika mpaka nyama ikaachana na mfupa. Alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, hakutaka chai. Nilipopakua alisogeza sahani mbele ya ndugu yangu, akangoja. Alitazama mkono wenye kovu ukishika ubavu, akautazama ukienda mdomoni, na hakuondoa macho mpaka ndugu yangu alipomeza.