Vidole Yangu na Pince ya Saba

Muzungu alikamata mukono yangu, akanusa vidole moja-moja sawa mbwa ya kuwinda. "Mawese!" akapiga kelele kwa ile sauti yake ya puani. "Mama, wewe iko mawese hapa, na hapa, na hapa!" Bon. Nilikuwa nimenawa na sabuni mara mbili. Na nani kwa Kisangani hana harufu ya mawese? Hata padri iko nayo.

Mi nilikuwa mufuaji. Mchana nilifua madrapu, mashuka ya vitanda, ya nyumba ine ya mujini, lakini asubuhi niliendaka kwa huyu muzungu, kwa nyumba yenye nguzo refu na nyaya, kwa barabara ya Bengamisa. Ndani kulikuwa mashini. Inatupa sauti juu, kupita mawingu, sauti inagonga kitu, inarudi, na mashini inapiga picha ya vile imerudi. Ni karani yake ndiye alinielezea, baba moja ya Maniema mwenye alipenda kalamu yake kuliko bibi yake. "Voyez-vous, mama," anainua kidole, "kule juu iko sawa bahari. Si ya maji, non! Ya umeme. Iko na mawimbi, inapanda, inashuka. Sisi tunasoma ile."

Nikamuuliza: "Na samaki yake, munakula lini?"

Alinuna siku mbili.

Kazi yangu ilikuwa filimu. Karani anaitoa kwa dawa, mi nasuuza na maji mingi, naitundika kwa kamba ikauke. Ilikuwa ndefu, ya siku muzima, kuanza midi, jua ikiwa utosini, mpaka midi ingine, na kila saa iko na alama nyeusi pembeni. Sikujua kusoma. Donc karani alinifundisha: kila alama, pince moja, zile pince za miti za kutundikia nguo. Midi inapita saa moja, pince ya kwanza. Jua inalala, pince ya sita. Hivyo nilijua saa kwa kamba yangu kuliko yeye kwa saa yake ya mukono.

Picha nzuri ilikuwa mustari mwembamba sawa uzi. Lakini siku zingine mustari ilikuja nene, imetawanyika, sawa mutu amepangusa mukono ya mafuta juu yake. Na mukono ya mafuta, kwa akili ya muzungu, ni ya nani? Ya mama mwenye kula pondu, yale majani ya muhogo yenye kupikwa na mawese.

Akanikatisha kucha. Akanipa malimau ya kusugua. Kisha akasema: "Mama, hakuna kula mafuta. Kabisa!" Nikapika pondu bila mawese juma nzima. Bwana yangu, mutu ya maporomoko ya muto, mwenye alikula samaki yenye kuogelea kwa mafuta tangu azaliwe, akaangalia sahani. "Mama ya batoto," anasema polepole sana, "nani amekufa?"

Filimu ikatoka chafu vilevile.

Karani hakufunga kinywa. Kwa soko bamama bakaanza: "Mama Mafuta eee! Leo umekaanga picha ngapi?" Mi nacheka nao, mi ndiye napenda kuchekesha. Lakini ndani ya ile juma nyumba mbili zikatuma batu kuchukua madrapu. Madamu moja alisema, kwa sauti ya kuku: "Oh non, non, kama anachafua picha, atachafua na kitanda yangu." Pale kicheko ikaniishia. Mufuaji mwenye jina ya uchafu, atafua nini tena?

Nikakaa kuangalia kamba. Pince ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya sita, safi. Ya saba, chafu, ya nane, chafu, mpaka ya kumi. Kisha polepole inakuwa safi. Siku ingine chafu, vilevile: ya saba. Nikaita muzungu na karani.

"Angalieni. Mi nashika filimu yote, mwanzo mpaka mwisho. Mukono yangu inajua saa? Inangoja jua ilale ndiyo ichafuke?"

Karani akakohoa. Muzungu akasema: "Mama, kazi yako kusuuza. Si kufikiri." Na akaongeza: kuanza kesho atasuuza yeye mwenyewe, ili anionyeshe.

Basi nikasimama mulangoni, mikono nimekunja. Alivaa gan za kufunika vidole, alisuuza sawa mutu anaogesha mutoto ya mufalme. Alimwaga maji kwa viatu. Siku ya kwanza, safi. Akaniangalia vile! Siku ya pili, safi. Mi nahesabu pince tena. Siku ya tatu, pince ya saba: nene, imetawanyika, mpaka ya kumi.

Nilingoja aseme. Akaruka! "Magnifique! Ni juu! Ni kule juu kunavunjika, jua ikilala!" Akamukumbatia karani, karani akamukumbatia, kalamu ikaanguka. Bakaingia ndani kuandika barua ya Ulaya.

Nikabisha mulango. "Na mi?"

"Mama kesho anarudi kusuuza," akasema, bila kuinua kichwa.

"Sitaki kusuuza kwanza. Nataka utembee na mi mpaka soko, useme mbele ya batu: haikuwa mukono yake. Na kwa yule madamu."

Akaniangalia sawa nimemuomba mashini. "Lakini mama, ile imekwisha."

Imekwisha kwake. Madrapu ya nyumba mbili hayakurudi.

Kesho yake nilienda, sababu batoto banataka kula. Nilibeba pondu yenye mawese mpaka juu, nikakula na vidole mbele ya mulango yake, kisha nikanawa na kutundika filimu. Alipita, akainama kwa pince ya saba, akatabasamia ule uchafu wake. Hakunusa kitu.

Na ukienda soko leo, uliza Mama Mafuta. Batakuonyesha mi.